Shirika Liulizwe Kwanza

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga, msinielewe vibaya, mimi ni raia mwema kabisa. Ni kwa sababu jina lenyewe ni mali ya Shirika, na kulitaja ndani ya hadithi kunahitaji kibali, na dirisha la vibali limefungwa tangu yule bwana wa dirishani alipotoka kwenda kunywa chai. Niseme tu kwamba ni nchi nzuri. Ina bendera, ina mvua, na ina chai.

Chai ndiyo fahari yetu. Nasikia huko kwingine mtu hufungua mgahawa wake, akaupa jina alipendalo, akapika anavyojua mwenyewe. Ushenzi mtupu! Kwetu migahawa yote inaitwa Kikombe cha Taifa, yote imepakwa kijani na manjano, yote ina picha ya Mtukufu akipuliza chai, na yote iko chini ya Shirika la Taifa la Chai na Vitafunio. Shirika linamiliki jina, bango, rangi na kitabu cha namna ya kukata andazi. Mwananchi anamiliki moto, moshi na jasho. Ni mgawanyo wa haki, na wanaosema si wa haki tunawajua kwa majina na mitaa wanayokaa.

Sasa mali kama hiyo ikiachwa hivihivi inaweza kuangukia mikono mibaya, kwa mfano mikono ya mtoto wa mwenye mgahawa. Ndiyo maana ikawekwa Haki ya Kuulizwa Kwanza. Ukitaka kumwachia mtu mgahawa wako, uwe unauuza, unautoa zawadi, unaozesha nao au unakufa, sharti kwanza uende Shirika ukaseme: fulani nataka kumpa, naye ameniahidi hiki na hiki. Shirika likipenda litasema, "Huyo mwache, tunachukua sisi, kwa masharti yale yale." Lisipopenda, linakataa, nawe unaendelea na mtu wako. Mpaka wakati wa habari hii, hakuna aliyewahi kuliona Shirika lisipopenda.

Marehemu Bwana Kitwana wa sokoni alijisahau akafa ghafla bila kuuliza. Afisa wa Shirika akaja makaburini na onyo, akamsomea marehemu kwa sauti, akampa muda wa kujitetea. Kimya. Mgahawa ukachukuliwa, akapewa mpwa wa Waziri auendeshe, naye akaleta mashine ya umeme iliyotoa maandazi ya mraba, magumu kama sabuni ya kufulia. Watu wakanung'unika. Basi Shirika, kwa kuwa ni sikivu, likatangaza redioni kwamba mraba ndio umbo la asili la andazi, na kwamba pembetatu ni masalia ya ukoloni. Tukashukuru kwa kuelimishwa.

*

Njooni mtaani kwetu sasa. Mimi ni fundi cherehani, nakaa barazani, na mkabala nami, ukiruka mtaro tu, ndipo ulipo mgahawa wa Bi Mashavu. Suruali ninazoshona zote zinanukia iliki, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Bi Mashavu ni mama wa miaka sabini na ushee, mwenye sauti ya kuamsha mtaa na miguu inayovimba. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Aliye naye ni Chausiku, aliyekuja hapo kuosha vikombe akiwa msichana, na sasa ni mjane wa makamo, mkimya, mwenye mikono ambayo ikikanda unga unatamani ungekuwa unga. Nje ya mgahawa ule Chausiku hana kazi, hana nyumba, hana mtu. Hilo alinieleza yeye mwenyewe siku moja nikimpima gauni, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayenitajia urefu wa mkono.

Mtaani kwetu kuna desturi ambayo haimo kwenye kitabu cha Shirika. Mgahawa haupokelewi mtupu. Anayepokea jiko anampokea na mwenye jiko. Ndivyo Bi Mashavu mwenyewe alivyoupata kwa bibi mmoja kipofu, akamwogesha na kumlisha mpaka siku alipomzika, na bibi yule, Mungu amrehemu, alikuwa na mdomo mchafu kuliko wapiga debe wote wa stendi.

Asubuhi moja, wateja tumejaa, Bi Mashavu akagonga kikombe kwa kijiko.

"Nyamazeni! Chausiku, njoo hapa. Miguu hii imenigomea. Nataka nikuachie mgahawa. Utaupokea?"

"Nitaupokea, mama."

"Na mimi je?"

"Na wewe pia."

"Yaseme mbele ya watu."

Chausiku akajifuta mikono, akasema. Atahamia nyumbani kwa Bi Mashavu. Atakanda unga kwa mkono kila alfajiri. Atamkanda miguu kila jioni kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu. Atakwenda badala yake kwenye harusi na misiba ya majirani, na huko atashika sufuria. Atamsikiliza akisimulia habari za marehemu mumewe. Na hatakuwa na kazi nyingine yoyote mpaka Mungu atakapomchukua Bi Mashavu, au atakapomchukua yeye.

"Tumesikia!" tukaitikia wote. Chausiku akalia, na mimi, sioni haya kusema, nililia pia, nikajichoma sindano.

*

Tukaenda Shirika, Bi Mashavu, Chausiku, na mimi shahidi. Afisa alipoyaandika masharti yale alicheka mpaka akashika meza. Miguu! Kitunguu saumu! Akatuambia twende nyumbani kwa amani.

Lakini karibu na mtaa wetu palikuwa panajengwa stendi mpya, na shemeji yake Mkurugenzi Mkuu wa Shirika alikuwa ameshapita pale mara kadhaa kwa gari, polepole, akihesabu abiria kwa macho. Haikupita wiki, barabara yetu ikafagiliwa. Tukajua kuna janga.

Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Daktari Ponsiano Kasebele, alishuka na msafara, bendi ya matarumbeta na watangazaji wa redio ya taifa. Ni mtu mkubwa, mwenye tumbo la heshima na sauti ya kipaza sauti hata kipaza sauti kikizimwa. Nyuma yake alikuwa Naibu wake, Bwana Hamdani, mwembamba, mpole, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akimfungulia bosi wake milango huku akikitazama kiti chake.

"Ndugu wananchi!" Daktari Kasebele akanguruma. "Shirika ni mama yenu. Ni baba yenu. Na kwa upande wa ukoo, Shirika ni shangazi yenu pia! Je, shangazi anaweza kuona mali ya ukoo inaondoka akanyamaza? Hawezi! Kwa hiyo leo, kwa unyenyekevu mkubwa, Shirika linatumia Haki yake. Mgahawa huu tunauchukua sisi!"

Bendi ikapiga. Tukapiga makofi, maana askari walikuwa wanatutazama mikono. Chausiku aliketi chini palepale kwenye kizingiti, na karai la maandazi likaungua nyuma yake bila mtu kuligeuza.

Bi Mashavu hakuketi. Alingoja bendi imalize.

"Sawa, mwanangu. Kwa masharti yale yale?"

"Yale yale, mama! Shirika halimpunji mtu!"

"Basi karibu," akasema Bi Mashavu, akavua ndala. "Miguu hii hapa."

Lo! Nimeshuhudia mengi katika nchi hii, lakini sijapata kusikia umati ukinyamaza namna ile. Hata mpiga tarumbeta alibaki amevimbisha mashavu, hajui aachie au ameze.

Daktari Kasebele akacheka kidogo. Akaeleza kwamba Shirika lina njia za kisasa. Miguu ya mama itakandwa na wataalamu wa Idara ya Afya kila robo mwaka. Unga utakandwa na mashine. Kwenye misiba patapelekwa salamu za rambirambi zenye muhuri. Na hadithi za marehemu zitasikilizwa na kinasa sauti, ambacho hakichoki wala hakisinzii.

"Chausiku hajasema robo mwaka," akasema Bi Mashavu. "Kasema kila jioni. Na kasema kwa mkono. Au yale yale ya kwenu ni mengine?"

Hapo Bwana Hamdani akajongea mbele, mikono ameikunja kifuani kwa adabu. "Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa masikitiko makubwa, mama anasema kweli. Tukipunguza sharti moja tu, Haki inaanguka. Na ikianguka hapa mbele ya redio ya taifa, kesho itaanguka nchi nzima."

"Basi tuma mtu! Tuma afisa yeyote aje akande!"

"Ningetuma, Mheshimiwa. Ila aliyetoa ahadi ametaja mikono yake mwenyewe. Na kwa upande wetu anayeahidi ni Shirika. Na Mheshimiwa atakumbuka waraka wake wa Sikukuu, ule wa zile zawadi za mbuzi na mazulia, uliofafanua kwamba kila kinachotolewa kwa Shirika apewe yeye, kwa kuwa Shirika ni Mkurugenzi na Mkurugenzi ni Shirika. Waraka mzuri sana. Tumeubandika kila ofisi."

Daktari Kasebele akamtazama Naibu wake, akaitazama redio, akaitazama miguu. Mtu mwingine angekubali yaishe pale pale. Lakini Shirika halijawahi kukataa, na shemeji alikuwa amekaa garini anasubiri, na kuna wakubwa ambao wakishasema jambo mbele ya tarumbeta hawarudi nyuma hata mbele kukiwa shimo.

"Nitahamia Jumatatu," akasema.

*

Akahamia. Bodi ya Shirika ilimpa muda wa kuonyesha kwamba masharti yanatimizwa, ndipo ikae ithibitishe. Chausiku akahamia kwangu mchana, yaani alikuja kila siku kukaa barazani pangu, macho ng'ambo ya mtaro.

"Fundi," aliniuliza siku ya kwanza, "akiweza je?"

"Hataweza. Tumbo lenyewe halimruhusu kuinama."

"Na akiweza?"

 Nikampa vifungo avishone.

Alfajiri ya kwanza Mkurugenzi aliuendea unga akiwa na tai na msaidizi wa kumshikia koti. Aliuhutubia kwanza. Nasema kweli, nilimsikia: "Katika zoezi hili la ukandaji..." Bi Mashavu akamwambia unga hauna masikio, weka tui. Akaweka tui lote kwa mpigo. Ile ikawa uji, uji ukamshika vidole, saa ya dhahabu ikazama humo na kupatikana baadaye ndani ya andazi la dereva wa lori, ambaye aliirudisha kwa kuwa ni nchi ya watu waaminifu na kwa kuwa tulikuwa tumeshamwona.

Jioni ikafika zamu ya miguu. Walinzi waligeukia ukutani kwa heshima. Kukaja harusi kwa jirani, akapelekwa amwakilishe Bi Mashavu, akafika na kukaa meza kuu, akatoa hotuba kuhusu mafanikio ya sekta ya vitafunio mpaka bibi harusi akasinzia. Akina mama wa jikoni wakamfuata wakamng'oa kitini. "Wewe umekuja badala ya Bi Mashavu, na Bi Mashavu huwa anasugua masufuria. Twende, baba." Akasugua masufuria. Kesho yake redio ya taifa ikatangaza kwamba Mkurugenzi Mkuu amekagua vyombo.

Hapo tulicheka sana, na tungeendelea kucheka, kama si jambo moja lililoanza kututia baridi. Yule bwana alikuwa anajifunza.

Tai ilivuliwa. Msaidizi wa koti akarudishwa ofisini. Mikono ile, ambayo kwa miaka mingi haikubeba kitu kizito kuliko kalamu, ikaanza kuukunja unga na kuubamiza kama inavyotakiwa. Kwenye msiba wa Mzee Ngwali alishika sufuria tangu asubuhi bila kusema neno. Jioni nilimwona amekaa kwenye kigoda, miguu ya Bi Mashavu mapajani, anasikiliza habari za marehemu mumewe, na alipoulizwa swali alijibu sawasawa, akataja hata rangi ya baiskeli ya marehemu.

"Huyo anasikiliza kweli," Chausiku akasema, na kifungo kikamdondoka. Nilimwona amepauka. Wateja nao walianza kusema ovyoovyo, eti maandazi ya Mkurugenzi si mabaya. Wasaliti! Nilimnyima mmoja wao suruali yake kwa hasira.

Nikavuka mtaro kwenda kumkabili Bi Mashavu. "Mama, mbona unamfundisha? Si ungemwacha aharibu tu?"

"Nilisema masharti yale yale, fundi. Nikimhujumu, nitakuwa nimesema uongo mbele ya watu." Kisha akashusha sauti. "Ila sipati usingizi. Huyu akishathibitishwa ataondoka zake, atakuja shemeji na mashine, na mimi nitabaki hapa na miguu yangu nikikitazama kiti cha Chausiku. Usimwambie."

Sikumwambia. Nilirudi nikashona mguu mmoja wa suruali mahali pa mkono wa shati.

*

Siku ya kuthibitisha, Bodi ilikuja na hema, zulia na bendi. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Naibu, Bwana Hamdani, kwa kuwa Mkurugenzi ndiye aliyekuwa anachunguzwa. Shemeji alikaa mstari wa mbele na fundi wa mashine pembeni yake, wameshaanza kupima ukuta. Chausiku alisimama nyuma kabisa, amevaa gauni nililomshonea.

Bwana Hamdani akauliza sharti moja baada ya jingine.

"Unga?"

"Ameukanda," akajibu Bi Mashavu. "Vizuri."

"Miguu?"

"Ameikanda. Tazama, uvimbe umeshuka." Akainua mguu mmoja, Bodi nzima ikainama kuuangalia.

"Harusi na misiba? Marehemu?"

"Amekwenda. Amesikiliza."

Daktari Kasebele akatabasamu, akajiweka sawa kwa hotuba. Chausiku akaanza kupenya katikati ya watu kuondoka. Nilimshika mkono, akaniambia, "Niache, fundi, sitaki kuona." Nikasema subiri kidogo tu, na sikujua ninasubiri nini.

"Limebaki la mwisho," akasema Bwana Hamdani, na sauti yake ikawa tamu ghafla. "Kwamba mwenye kupokea hatakuwa na kazi nyingine yoyote mpaka Mungu atakapomchukua Bi Mashavu. Mama, samahani kwa swali. Mama yako mzazi aliishi umri gani?"

"Mama yangu? Yupo. Yuko shamba, anapalilia."

Daktari Kasebele akaacha kutabasamu. Kisha Bwana Hamdani akasimama, na nilimwona amelengwalengwa na machozi ya furaha.

"Wajumbe! Leo tunaagana na jabali! Mheshimiwa Daktari Kasebele ameamua kuacha ofisi, gari, nyumba ya serikali na kiti, aje akae hapa na mama huyu, akikanda! Uzalendo ulioje! Nani anaafiki?"

Mikono yote ya Bodi ikaenda juu. Wengine waliinua miwili. Kila mjumbe alikuwa ameshaanza kuhesabu: Naibu akipanda, nani atakuwa Naibu? Na nafasi ya huyo je? Hata shemeji aliinua mkono, kwa mazoea, mpaka alipovutwa shati na fundi wa mashine.

Daktari Kasebele aligeuka kulia, akageuka kushoto. Mikono ilikuwa kama miche ya mihogo. Jasho likamchuruzika. Aliifungua ile sauti yake kubwa ikatoka nyembamba.

"Subirini! Mimi bado ni Shirika?"

"Mpaka tupitishe, Mheshimiwa," akasema Bwana Hamdani.

"Basi Shirika limeulizwa! Na Shirika... Shirika linakataa!"

Jamani! Ukelele uliopigwa siku hiyo ulifika mpaka stendi. Watu waliruka mtaro, wengine walitumbukia humo na hawakujali. Bendi, ambayo ilikuwa imeagizwa kupiga baada ya neno la mwisho la Mkurugenzi, ikapiga. Bwana Hamdani alikaa chini taratibu, akafunika uso kwa mikono, na safari hii machozi yalikuwa ya aina nyingine. Maskini, nilimwonea huruma mpaka nikampa andazi.

Redio ilitangaza kwamba Shirika limevuka lengo kwa kukataa kwa mara ya kwanza katika historia. Watu wakasikia neno kukataa, wakatafakari. Tangu hapo, nchi nzima, hakuna mgahawa unaokabidhiwa bila mtu ndani yake. Mmoja ameahidiwa kwamba mpokeaji atamlea mama mkwe wake. Mwingine, kwamba atakwenda kila Jumapili kucheza bao na babu na kushindwa. Wanakwenda Shirika, wanauliza kwa adabu, na maafisa wanakataa mbiombio, wengine kabla hawajaketi vizuri. Daktari Kasebele bado ni Mkurugenzi. Nasikia anakanda chapati nyumbani kwake, na mkewe hataki zitangazwe.

*

Jioni ile, watu walipotawanyika, Bi Mashavu alimwita Chausiku. Mimi nilikuwa nakunja hema, nikasikia yote.

"Haya, mwanangu. Wakubwa wote wameulizwa. Nakuuliza tena wewe. Bado unataka?"

"Nataka, mama. Ila na mimi nina sharti."

Bi Mashavu akashtuka. Chausiku na masharti, wapi na wapi! "Lipi?"

"Alfajiri usiamke. Usije kunisimamia. Nikikosea, nikosee."

 Bi Mashavu akafungua mdomo, akaufunga. Mtu ambaye hakunyamaza mbele ya matarumbeta.

"Haya," akasema mwishowe, taratibu sana. "Ni wako."

Yaliyofuata alinisimulia Bi Mashavu mwenyewe, kwa aibu kidogo. Kesho yake, alfajiri, macho yalimfumbuka kama kawaida. Akalala kitandani akisikiliza. Akasikia kuni, akasikia tui likimiminwa, akasikia unga ukibamizwa, polepole kuliko anavyoubamiza yeye. Polepole mno! Na hamira je, ameiweka? Mbona hakusikia kifuniko cha mkebe? Miguu ikashuka yenyewe chini kutafuta ndala.

Akairudisha kitandani. Akachukua upindo wa khanga, akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akabaki hivyo mpaka kulipokucha.